Umbali Mmoja, Saa Mbalimbali: Njia ya Anga Baina ya Helsinki na Tokyo

Kwa mabaharia wa zamani wa pwani ya Afrika Mashariki, umbali wa Maskati haukuwa wa maili tu. Ulikuwa pia wa msimu. Nahodha aliyeng'oa nanga Unguja mapema, kusi ilipoanza kuvuma, aliiona Maskati kuwa karibu. Aliyechelewa akapitwa na wakati alikaa bandarini miezi mingi akingoja, na Maskati ikawa mbali mno kwake, ingawa haikusogea hata shubiri moja. Elimu ya mabaharia hao ilikuwa na hekima ndani yake: urefu wa njia ni jambo moja, na muda wa safari ni jambo jingine. Urefu uliwekwa na maumbile ya dunia; muda hutegemea mambo mengi ambayo hayamo mikononi mwa msafiri.

Ndege ilipoanza kuchukua abiria, watu wengi walidhani kuwa hesabu ya namna hiyo imefutwa. Hiki kilikuwa chombo kisichongoja msimu, kisichozuiwa na mlima, mto wala jangwa. Ilitazamiwa kuwa muda wa safari sasa utatokana na urefu wa njia na kasi ya mtambo, basi. Kwamba kila mtambo mpya utapunguza saa, wala saa zilizokwisha kupunguzwa hazitarudi. Historia ya njia moja ya anga yaonyesha vingine. Njia hiyo ni ile iliyo baina ya Helsinki, mji mkuu wa Finland, na Tokyo, mji mkuu wa Japani. Baina ya viwanja vya ndege vya miji hiyo pana kilomita 7,800 hivi. Katika mwaka 1983 ndege ya abiria ilitoka mji mmoja ikafika wa pili, bila kutua, kwa saa 13. Katika mwaka 2019 ilikuwa ikitumia saa 9 na nusu. Katika mwaka 2022 ikarudia saa 13. Katika miaka 39 hiyo mitambo ilizidi kuwa bora, wala dunia haikutanuka. Basi saa tatu na nusu hizo zilipatikana wapi, nazo zilikwenda wapi?

Kwanza yafaa kuifahamu njia yenyewe. Mtu akitazama ramani iliyotandazwa mezani, akaunganisha Helsinki na Tokyo kwa rula, mstari wake utapita juu ya Kazakhstan, Mongolia na kaskazini ya China. Lakini ramani ni karatasi bapa, na dunia ni mviringo. Akitwaa tufe na uzi, akaushika mwisho mmoja Helsinki na wa pili Tokyo, kisha akauvuta mpaka ukakaza, uzi utapanda kaskazini, utapita juu ya Urusi ya kaskazini, utakata misitu na mito mikubwa ya Siberia, ndipo ushuke kwenye Bahari ya Japani. Huo ndio mstari mfupi kuliko yote, nao wanahesabu huuita duara kuu, kwa kuwa ni kipande cha duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Kwa hesabu hiyo Finland, nchi iliyo pembeni mwa Ulaya, yawa mlango wa Ulaya kwa mtu atokaye Japani. Hii ni neema ya maumbile. Walakini neema hiyo ina sharti moja: tangu ndege ivukapo mpaka wa mashariki wa Finland hata ikaribiapo Bahari ya Japani, karibu njia yote i juu ya nchi moja, na nchi hiyo ni Urusi.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kizuizi kikubwa cha njia hiyo kilikuwa udhaifu wa ndege zenyewe. Chombo cha siku zile hakikuweza kuchukua mafuta ya safari ndefu, kwa hiyo kilifuata viwanja vilipo. Mwezi wa Aprili 1937, Wajapani wawili, Masaaki Iinuma aliyekuwa rubani na Kenji Tsukagoshi aliyekuwa mwongozaji njia, waliruka kutoka Tachikawa, karibu na Tokyo, wakaenda London kwa ndege ndogo ya injini moja iliyoitwa Kamikaze, mali ya gazeti la Asahi. Walipita kusini: Taipei, Hanoi, Calcutta, Karachi, Basra, Baghdad, Athens, Roma, Paris, kisha London. Safari nzima ilichukua saa 94 na dakika 17, na katika hizo zilizotumika angani hasa ni 51 hivi. Walikwenda kilomita 15,357, hali duara kuu baina ya Tokyo na London ni kilomita 9,600 hivi. Ulimwengu uliwashangilia kwa haki. Lakini mwenye kupima atatambua kuwa zaidi ya theluthi moja ya mwendo wao ulikuwa mzunguko, na sababu yake ni kwamba kusini ndiko kulikokuwa na mafuta, viwanja na watu wa kuwapokea.

Vita vilipokaribia kwisha, ndege zilikwisha kuwa na nguvu nyingine kabisa, na likazuka swali ambalo mafundi hawakuweza kulijibu: anga ni ya nani? Mnamo Desemba 7, 1944, mataifa 52 yalitia sahihi katika mji wa Chicago mkataba wa usafiri wa anga wa kiraia. Kifungu chake cha kwanza chasema kwa maana kuwa kila dola ina mamlaka kamili, yasiyo na mshirika, juu ya anga iliyo juu ya nchi yake. Bahari kuu imebaki kuwa ya wote. Anga ya juu ya nchi kavu ikawa kama shamba lenye mwenyewe. Pamoja na mkataba huo uliandikwa mapatano ya pili, ambayo mataifa yaliyoyakubali yalipeana ruhusa ya kupita bila kutua. Dola ya Kisovieti haikuhudhuria mkutano wa Chicago. Iliingia katika mkataba mkuu mwaka 1970, lakini mapatano ya kupitisha haikuyakubali kamwe, wala Urusi iliyoirithi haikuyakubali. Kwa hiyo ule uzi mfupi wa Helsinki na Tokyo, ambao maumbile yaliunyosha, ulipata bawabu.

Watu wasiopewa ruhusa ya kupita uani hutafuta njia ya kuzunguka. Wa kwanza kuipata walikuwa watu wa Skandinavia. Mnamo Februari 24, 1957, shirika lao la ndege, SAS, lilifungua safari ya kutoka Copenhagen kwenda Tokyo kwa kupitia karibu na Ncha ya Kaskazini, ambako ni kilele cha dunia, na kutua Anchorage katika Alaska. Ndege zilizotumika zilikuwa za namna ya DC-7C, zenye injini nne za rafadha. Njia ya kusini, iliyopita nchi za Waarabu, Bara Hindi na Asia ya kusini mashariki, ilikuwa ikichukua saa 50 hivi. Hii mpya ilichukua saa 32 hivi. Tangu hapo Anchorage, mji uliokuwa mbali na kila mtu, ukawa njia panda ya ulimwengu. Wafanyabiashara, wanamuziki na wanafunzi wa Ulaya na Japani walishuka humo wakanyosha miguu, wakanunua kumbukumbu, wakapanda tena.

Kupita kwenye ncha ya dunia hakukuwa kazi nyepesi. Dira ya sumaku, iliyowaongoza mabaharia kwa karne nyingi, haifai kitu huko, kwa kuwa sumaku ya dunia huivuta sindano chini badala ya kuielekeza mbele. Kadhalika mistari ya longitudo, ambayo kwenye ikweta imeachana kwa nafasi kubwa, huko hukusanyika mahali pamoja kama mbavu za mwavuli. Mtu asimamaye kwenye ncha yenyewe, kila aendako ni kusini. Waongozaji njia walilazimika kuchora juu ya ramani miraba yao wenyewe isiyofuata longitudo, na kutegemea gurudumu liendalo mbio katika mtambo wake bila kubadili uelekeo, pamoja na kupima jua na nyota. Ulikuwa ushindi wa akili, na ulipatikana kwa sababu mlango wa karibu ulikuwa umefungwa.

Mlango huo ulifunguliwa kidogo mwezi wa Aprili 1967, wakati Aeroflot na shirika la ndege la Japani walipoanza safari ya pamoja ya Tokyo na Moscow. Ndege ilikuwa Tupolev Tu-114 ya Kisovieti, imeandikwa majina ya mashirika yote mawili. Marubani walikuwa wa Kisovieti, na Wajapani walikuwamo katika watumishi wake. Baadaye mashirika kadhaa ya Ulaya na ya Japani yalipewa ruhusa ya kupita Siberia kwa ndege zao wenyewe, kwa sharti la kutua Moscow. Hapo ikabainika kuwa anga yaweza kuwa mali ya biashara kama madini na mbao. Mwenye nchi alikuwa na kitu ambacho majirani wote walikihitaji, naye alikigawa kwa kipimo alichotaka.

Finland ilikuwa katika hali ya peke yake. Ilikuwa jirani wa Dola ya Kisovieti, ilikuwa imefungamana nayo kwa mkataba wa urafiki wa mwaka 1948, na ilijitahidi kutokuwa upande wa yeyote katika ugomvi wa mataifa makubwa. Hata hivyo ujirani huo haukuipa njia ya moja kwa moja juu ya Siberia. Shirika lake, Finnair, liliamua kufanya jambo ambalo halijafanywa bado: kutoka Ulaya ya Magharibi mpaka Japani bila kutua popote na bila kugusa anga ya Kisovieti. Mnamo Aprili 22, 1983, ndege yake ya DC-10-30ER, yenye injini tatu na nafasi ya mafuta iliyoongezwa, iliruka kutoka Helsinki ikaelekea kaskazini. Ilipita Ncha ya Kaskazini, ikashuka upande wa pili wa dunia mpaka Mlangobahari wa Bering, kisha ikafuata Pasifiki hata Tokyo. Abiria walipewa vyeti vya kuwashuhudia kuwa wamepita kileleni mwa dunia. Mswahili angalistaajabu zaidi kwa jambo jingine: saa zake huhesabiwa tangu mapambazuko na tangu magharibi, na kwenye ncha ile jua huchomoza mara moja na kuchwa mara moja kwa mwaka mzima. Huko hakuna saa moja asubuhi.

Gharama ya mzunguko huo mtu aweza kuikadiria kwa kalamu na karatasi. Kila digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Helsinki iko kwenye latitudo ya digrii 60 na kidogo, kwa hiyo mpaka nchani ni digrii 30 kasoro kidogo, yaani kilomita 3,300. Kutoka nchani mpaka Mlangobahari wa Bering, ulio kwenye digrii 66, ni kilomita 2,670. Kutoka hapo mpaka Tokyo, hata kama mtu angeruhusiwa kunyosha moja kwa moja, zimebaki kilomita 4,700 hivi. Jumla ni zaidi ya 10,600, na bado hajaongeza ile kona ya kuiepa rasi ya Kamchatka, ambayo nayo ni ya Urusi. Mahali pa 7,800, msafiri alikwenda zaidi kwa kilomita 2,800 na ziada, yaani theluthi moja na zaidi. Saa 13 nazo zazidi saa 9 na nusu kwa kadiri iyo hiyo. Saa zile tatu na nusu ndizo zilizolipwa kwa bawabu.

Walioilipa kwa saa walikuwa na bahati, maana wengine waliilipa kwa roho zao. Mnamo Aprili 20, 1978, ndege ya shirika la Korea, Boeing 707, ilitoka Paris ikielekea Seoul kwa njia ya ncha na Anchorage. Katika anga ile ambayo dira haitegemeki ilipotea njia, ikageuka nyuma, ikaingia nchi ya Kisovieti karibu na Murmansk. Ilipigwa kombora na ndege ya kivita. Rubani aliweza kuishusha juu ya ziwa lililoganda barafu. Watu 2 walikufa na 107 wakaokoka. Onyo hilo halikutosha. Mnamo Septemba 1, 1983, miezi minne tu baada ya safari ile ya kwanza ya Finnair, Boeing 747 ya shirika lilo hilo, safari namba 007, ilitoka Anchorage kwenda Seoul. Kidogo kidogo iliiacha njia yake, ikapita juu ya Kamchatka, kisha juu ya kisiwa cha Sakhalin, na hapo ikapigwa ikaanguka baharini. Watu wote 269 walikufa. Dola ya Kisovieti ilidai kuwa ilikuwa ndege ya upelelezi. Miaka kumi baadaye, Urusi ilipokwisha kuvitoa vinasa kumbukumbu vya ndege hiyo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliona kuwa mtambo wa kujiendesha ulikuwa umeachwa ukishika uelekeo mmoja wa dira, bila kuunganishwa na mtambo wa kuhesabu njia, na watumishi wa ndege hawakutambua. Kosa la swichi moja lilikuwa na bei hiyo kwa sababu upande mmoja wa njia ulikuwa na ukuta usioonekana, na nyuma ya ukuta palikuwa na silaha.

Mambo mawili ya maana yalitokana na msiba huo. Mwezi huo huo wa Septemba 1983 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa satelaiti zake za kutambulisha mahali, zilizokuwa za jeshi, zitakapokuwa tayari zitatumiwa na raia wa ulimwengu bila malipo. Na mnamo Mei 10, 1984, mataifa yaliongeza katika Mkataba wa Chicago kifungu kinachokataza kutumia silaha dhidi ya ndege za kiraia zilizo angani. Kifungu hicho kilianza kuwa na nguvu mwaka 1998. La kwanza limefaulu kupita matumaini: leo hata mvuvi na dereva wa teksi huijua nafasi yake kwa satelaiti. La pili limebaki kuwa ahadi njema katika dunia yenye silaha nyingi. Mnamo Julai 17, 2014, ndege ya Malaysia iliyotoka Amsterdam ilipigwa juu ya Ukraine ya mashariki, nao watu 298 wakafa, hali ilikuwa imeshika njia yake sawasawa. Ufundi huweza kumwambia rubani yuko wapi. Hauwezi kumwambia aliye chini anakusudia nini.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 hewa ya siasa ilianza kubadilika, na ruhusa za kupita Siberia bila kutua Moscow zikaanza kutolewa. Mwaka 1991 Dola ya Kisovieti ilivunjika. Ndege zikanyosha njia, na safari ya Helsinki na Tokyo ikashuka kufikia saa 9 na nusu hivi. Anchorage ikaachwa na abiria wa Ulaya na Japani upesi kama ilivyopendwa. Iliyobaki humo ni shehena. Walakini mkono mtupu haulambwi. Mashirika ya Ulaya yaliendelea kulipa fedha nyingi kwa ajili ya kupita, mamia ya mamilioni ya yuro kila mwaka, na sehemu kubwa yake ililipwa kwa Aeroflot, ambaye ni mshindani wao wenyewe. Umoja wa Ulaya ulilalamika kuwa ushuru huo si halali, na mwaka 2006 yalifikiwa maafikiano ya kuuondoa polepole. Lakini hayakutimizwa kama yalivyoandikwa. Wenye ndege walilipa wakanyamaza, kwa kuwa kulipa kulikuwa rahisi kuliko kuzunguka.

Kwa Finland, miaka hiyo ilikuwa ya mavuno. Ile neema ya uzi na tufe, iliyokuwa hesabu ya darasani, sasa iligeuka kuwa riziki. Abiria wa Ulaya nzima walikusanywa Helsinki na kupelekwa Asia kwa njia fupi, na wa Asia wakaletwa vivyo hivyo. Mbali na Tokyo, Finnair ilikwenda Osaka, Nagoya, Fukuoka, na mwisho wa mwaka 2019 Sapporo pia. Mwaka 2015 ilikuwa ya kwanza katika Ulaya kupokea ndege mpya za Airbus A350. Kiwanja cha Helsinki, kilichofunguliwa mwaka 1952 kwa ajili ya michezo ya Olimpiki, kilipanuliwa ili kupokea wageni wa mabara mawili. Jengo lote hilo la biashara lilisimama juu ya nguzo moja, nayo haikuwa nguzo ya Finland. Ilikuwa idhini ya jirani.

Mnamo Februari 24, 2022, Urusi iliivamia Ukraine. Siku tatu baadaye Umoja wa Ulaya ulitangaza kuzifungia ndege za Urusi anga yake. Mnamo Februari 28 Urusi ikajibu kwa kuzifungia mashirika ya nchi 36, Finland ikiwamo. Juma moja likageuza kazi ya miaka zaidi ya 30. Mnamo Machi 9, 2022, ndege ya Finnair iliondoka tena Helsinki kwenda Tokyo, na safari ilihesabiwa kuwa ya saa 13. Sasa kulikuwa na njia mbili za kuchagua. Moja ni ile ya mwaka 1983: Ncha ya Kaskazini, Alaska na Pasifiki. Ya pili ni ya kusini: kushuka Ulaya ya mashariki, kupita Uturuki, Georgia, Azerbaijan, Kazakhstan, China na Korea ya Kusini. Ndege yenyewe ilikuwa A350, yenye injini mbili tu, nyepesi na isiyotumia mafuta mengi. Kama mtambo pekee ndio unaoamua muda, mtambo huo ungalizishinda saa za DC-10 mara moja. Haukuzishinda, kwa kuwa ndege zote mbili huenda kwa kasi iliyo karibu sawa, nazo zilipewa mzunguko ulio karibu sawa.

Na uchaguzi baina ya njia hizo mbili uliwarudisha marubani kwenye elimu ya nahodha: kuuliza upepo. Juu ya Japani na Pasifiki ya kaskazini huvuma mkondo wa upepo mkali utokao magharibi kwenda mashariki, kwenye kimo kile kile ambacho ndege kubwa hupita. Mmoja wa watu wa kwanza kuupima alikuwa Wasaburo Oishi, mkuu wa kituo cha uchunguzi wa anga cha Tateno, kaskazini mashariki ya Tokyo, ambaye katika miaka ya 1920 alirusha vipira vya hewa na kuona upepo wa kasi ya mita 70 hivi kwa sekunde. Mwaka 1926 aliandika matokeo yake kwa Kiesperanto, akitumaini kuwa lugha ya wote itasomwa na wote. Karibu hakuna aliyeisoma, na mwaka 1944 marubani wa Marekani waliofika juu ya Japani waliukuta upepo huo kama kitu kigeni. Kwa hiyo aendaye Tokyo kwa njia ya kusini husukumwa mgongoni; arudiye aghalabu hupata nafuu akielekea kwanza Alaska na kupitia nchani. Ndege nazo zina kusi na kaskazi yake.

Saa tatu na nusu si jambo la uchovu wa abiria tu. Ndege iendayo mbali zaidi huchukua mafuta mengi zaidi, na mafuta yenyewe ni mzigo, nayo sehemu ya mafuta huchomwa kwa kazi ya kuyabeba mafuta mengine. Mzigo huo ukizidi, shehena hupunguzwa. Watumishi wa ndege huhitaji kupokezana, na ndege iliyoweza kwenda na kurudi mara nyingi kwa juma huweza mara chache. Finnair ililazimika kuacha baadhi ya safari zake za Asia, na ndege zake nyingine ikazikodisha kwa mashirika ya nchi za mbali. Mashirika ya China, ambayo hayakufungiwa, yaliendelea kupita Siberia. Viwanja viwili vyaweza basi kuwa na umbali mmoja kwa tufe, na umbali mbili kwa bendera iliyochorwa mkiani mwa ndege. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Na ingawa maumivu ya mashirika na abiria hayawezi kulinganishwa na ya watu wa Ukraine waliofikwa na vita nyumbani mwao, ni maumivu ya asili moja.

Ukiziweka pamoja habari hizi, utaona kuwa safari ya anga hupimwa kwa mizani tatu. Ya kwanza ni ya dunia: kilomita 7,800, ambazo hazikubadilika tangu kabla ya kuwako kwa miji yenyewe. Ya pili ni ya mtambo: kutoka saa 94 za Iinuma na mwenzake, mpaka ndege ya leo ivukayo nusu ya dunia bila kutua. Mizani hiyo hupanda tu, kwa sababu maarifa yakisha kupatikana huandikwa, na aliyezaliwa jana huanzia pale alipokoma aliyetangulia. Ya tatu ni ya mapatano ya watu. Hii ndiyo iliyokwenda mbele ikarudi nyuma. Maarifa ya kujenga injini hurithiwa. Imani ya jirani kwa jirani hairithiwi, na kila kizazi hakina budi kuijenga upya. Kosa la watu wengi lilikuwa kudhani kuwa mizani ya tatu hufuata ya pili, na kwamba njia ikisha kufunguliwa imefunguliwa milele. Wahenga walisema kutangulia si kufika.

Abiria waliopita Ncha ya Kaskazini katika mwaka 2022 walipewa vyeti, kama walivyopewa wale wa mwaka 1983. Wengi walivifurahia, na kwa haki, maana si kila mtu hupita juu ya barafu ya kileleni mwa dunia akiwa amejifunika blanketi na kikombe cha chai mkononi. Lakini msomaji wa historia akiviweka vyeti hivyo viwili ubavu kwa ubavu, atasoma humo zaidi ya yaliyoandikwa. Cha kwanza chashuhudia werevu wa watu waliokuta mlango umefungwa wakazunguka nyumba nzima. Cha pili chashuhudia kuwa mlango ule ule, baada ya kufunguliwa na kupitwa na kizazi kizima, umefungwa tena.